Uzi: Kumiliki na kutunza mashua nchi ya ugenini. Karatasi, siku zako, na maji ya ngamani

#1 TangaMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka wa sita sasa nina mashua ya matanga ya mita 11, na haijawahi kufunga kamba nchini kwangu hata siku moja. Niliinunua nje ya Umoja wa Ulaya, nikaisajili nje ya Umoja huo, lakini inakaa kwenye gati moja la Mediterania ndani ya Umoja. Mimi ndiye ninayeifuata, mara mbili kwa mwaka. Watu wananiandikia faragha wakitaka kuanza, na karibu wote wanauliza mashua gani wanunue. Jamani, hilo lisubiri. Kwanza jiulize chombo kitapeperusha bendera ya nani, na ni nani atakitazama siku ambazo wewe hupo, maana siku hizo ni nyingi kuliko zile utakazokuwepo.

Nianze na lililonikuta.

Msimu wa tatu niliiacha gatini miezi saba. Nilimlipa jamaa mmoja wa pale aipitie kila wiki na anitumie picha. Picha zilikuja kweli, kila Ijumaa: kamba, sitaha, mlango, mita ya betri. Nazifungua, naona kila kitu kipo, nashukuru, naendelea na kazi zangu. Siku niliyofika nilifungua mlango nikapigwa na harufu ya uvundo. Maji yalikuwa yamepita juu ya mbao za sakafu. Godoro la chumba cha nyuma limeoza, betri zote nne zimekufa. Matundu mawili ya kutolea maji kwenye sehemu ya usukani yalikuwa yamezibwa na majani, mvua ikajaa pale, ikatafuta njia ya kuteremka ndani. Pampu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) ilipambana mpaka betri zikaisha, kwa sababu plagi ya umeme wa gatini ilikuwa imechomoka, na hakuna aliyeirudisha.

Usiku ule nilikaa kwenye ngazi na tochi nikazirudia zile picha moja baada ya nyingine. Picha za wiki kumi na nne: kivuli cha mlingoti kinaangukia kamba ile ile, mahali pale pale. Na kuna jani moja la manjano kando ya mnyororo wa nanga, halijasogea hata kidogo. Alizipiga zote siku moja, akawa ananigawia moja kila Ijumaa.

Simwandiki hapa kumlaumu. Nilimwajiri bila mkataba, sikumwambia afungue nini wala apime nini. Lakini tangu siku ile sikubali tena picha ya kamba.

Sasa karatasi, maana huko nako watu wanaumia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara za 91 na 92, unasema chombo kina uraia wa nchi ambayo kina haki ya kupeperusha bendera yake, na bendera iwe moja tu. Nchi ya bendera ndiyo inayokupa hati ya usajili na kukupangia vyeti na vifaa. Ila ukiingia maji ya nchi nyingine, forodha, uhamiaji na sheria za mazingira ni za mwenyeji. Kwa hiyo kila siku unaishi chini ya serikali mbili.

Ndani ya Umoja wa Ulaya, mtu anayeishi nje ya Umoja, mwenye chombo kilichosajiliwa nje, anaweza kukiingiza kwa muda kwa matumizi yake binafsi bila kulipa VAT wala ushuru. Muda wenyewe ni miezi 18. Kabla haijaisha chombo kitoke nje ya eneo la forodha, kikirudi hesabu inaanza upya. Lakini wewe binadamu hupewi miezi 18. Kama hati yako ya kusafiria ni ya nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya na nje ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) na huna kibali cha kuishi huko, una siku 90 ndani ya kila siku 180. Hesabu ya mashua na hesabu yako hazikutani popote. Nimeona mtu amejaa furaha kwamba chombo chake bado kina mwaka mzima, kumbe yeye mwenyewe kabakiwa na siku nne.

Kingine: chombo kilicho chini ya utaratibu huo hukikodishi kwa wageni, na mkaazi wa kule hawezi kujiendeshea tu wakati wewe uko kwenu. Rafiki uliyempata gatini, hata awe mwema kiasi gani, usimpe ufunguo akatembeze watoto. Akisimamishwa na forodha, deni la kodi linaweza kuangukia mashua.

Karibuni. Wenye uzoefu wa bahari nyingine mtuongezee.

#2 BintiMlingoti

Ahsante mkuu kwa uzi huu, nilikuwa nautafuta. Mimi na kaka yangu tumeiona mashua iliyotumika, iko ndani ya Umoja wa Ulaya, muuzaji anasema "VAT ilishalipwa". Hilo neno tu ndilo tulilonalo. Tutajuaje ni kweli? Na ikitoka nje ya Ulaya mwaka mmoja kisha ikarudi, inalipa tena?

#3 KaratasiKwanza

Dada, nimefanya kazi ya uwakala wa mashua miaka mingi, nikujibu kwa kirefu kidogo.

Neno la muuzaji si ushahidi. Ushahidi ni ankara ya kwanza kabisa ya chombo yenye VAT iliyoandikwa, au hati ya forodha iliyogongwa muhuri kama kiliingizwa kutoka nje. Bila ankara, fuata mnyororo wa hati za mauzo kutoka mmiliki wa kwanza mpaka huyu. Vyombo vizee vina nafuu yao: kilichokuwa kinatumika kabla ya tarehe 1 Januari 1985, na kikawa ndani ya Jumuiya ya Ulaya tarehe 31 Desemba 1992, huhesabiwa kuwa kimelipiwa. Hata hapo utatakiwa uonyeshe kilikuwepo, na risiti ya zamani ya gati ndiyo inayookoa watu. Nimewahi kumuona mzee mmoja akitoa karatasi ya njano kutoka kwenye droo ya ramani, wino umefifia, na karatasi hiyo ndiyo iliyouza mashua yake. Usitupe risiti ya gati hata moja.

Kuhusu kutoka na kurudi: ikitoka na ikarudishwa ndani ya miaka mitatu na mtu yule yule aliyeitoa, kwa kawaida hailipi tena. Ikiuzwa ikiwa nje, nafuu hiyo haimfuati mnunuzi. Hapo ndipo wengi wanapotumbukia, wananunua nje kwa sababu ni nafuu, wakiamini "ilishalipiwa".

Kingine cha kuangalia kwa macho yenu wenyewe: vyombo vya mita 2.5 hadi 24 vilivyowekwa sokoni Ulaya tangu 16 Juni 1998 vinatakiwa kuwa na alama ya CE (ya kukidhi viwango vya Ulaya) na namba ya utambulisho wa chombo. Namba hiyo hukaa nyuma, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Piga magoti, ifute kwa kitambaa, isome herufi moja moja ukilinganisha na hati ya usajili. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, msilipe chochote mpaka ieleweke.

Na madeni. Katika nchi nyingi deni la gati au la fundi hukaa kwenye chombo chenyewe, na karakana ina haki ya kukishikilia mpaka ilipwe. Kwa hiyo kabla ya kulipa takeni dondoo mpya ya daftari la usajili inayoonyesha kama kuna rehani, na barua ya gati kwamba hakuna wanachodai.

#4 UpepoWaNyuma

Mnawatisha watu bure. Siku hizi usajili unafanyika mtandaoni, siku chache una bendera, hawakuulizi unaishi wapi. Kwa nini mtu ajipe shida? Mimi nimechagua hivyo na sijasumbuliwa na mtu.

#5 KaratasiKwanza

Mkuu, sikupingi kwamba inawezekana, na kuna nchi ambazo kwa nia njema kabisa zinasajili vyombo vya wageni. Ila ile ibara ya 91 inataka uhusiano wa kweli kati ya nchi na chombo. Kabla hujalipia bendera yoyote, muulize kwanza mtu wa bima yako kwa maandishi kama anaikubali. Kisha uliza nchi ambako mashua itakaa kama wanaitambua hati hiyo kuwa usajili kamili. Kuna hati nyingine ni za kutambulisha chombo tu, hazithibitishi umiliki.

Na ukibadilisha bendera, usisahau redio. Hili watu hawalizungumzi. Namba ya MMSI, ile inayotambulisha chombo kwenye redio, ina tarakimu tisa, na kwa meli na mashua tatu za kwanza zinataja nchi. Bendera ikibadilika, namba inabadilika, kwenye redio ya VHF na kwenye AIS pia, kile kifaa kinachotangaza chombo kiko wapi. Kifaa cha dharura cha EPIRB, kile cha 406 MHz, nacho kimeandikwa nchi ndani yake. Siku ukikiwasha, ishara inapelekwa kwa nchi ile, wao wanafungua daftari lao na kupiga simu namba iliyoandikwa. Kama hujakiandikisha upya, simu itapokelewa na aliyekuuzia. Atawaambia "mimi niliiuza", na wakati huo wewe uko majini unasubiri.

#6 UpepoWaNyuma

Hilo la EPIRB sikulijua. Ngoja nikaangalie yangu leo leo. Nashukuru.

#7 KambaNene

Naongezea upande wa Karibi, maana huko adui ni dhoruba kabla ya forodha.

Msimu wa vimbunga Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Bima nyingi zinachora mstari kwenye ramani: kati ya latitudo hii na ile, ndani ya miezi hiyo, chombo kikipigwa na kimbunga chenye jina hulipwi, au unajibebea sehemu kubwa wewe. Soma kipengele hicho mara tatu. Watu wengi walikuwa wanakimbilia Grenada kwa kuamini iko kusini ya kutosha. Septemba 2004 kimbunga Ivan kikafika Grenada, na mashua zilizokuwa zimesimamishwa nchi kavu zikaangukiana, moja ikiisukuma nyingine. Mwaka 2024 kimbunga Beryl hata hakikusubiri katikati ya msimu, kilitua kisiwa cha Carriacou, Grenada hiyo hiyo, tarehe 1 Julai kikiwa daraja la 4.

Mimi chombo changu kinakaa nchi kavu msimu wote. Ninachodai kwa karakana ni hiki: nguzo za kushikilia ubavu ziwe zimefungwa minyororo kwa pamoja, kulia na kushoto, zisiteleze. Mikanda ishuke kutoka kwenye sitaha mpaka kwenye nanga za zege ardhini. Kuna karakana zinachimba shimo na kuuteremsha mkuku (uti wa chini wa chombo) ndani yake, chombo kinakaa chini, upepo unakosa pa kukishika. Hiyo naipenda zaidi. Matanga yote yanashuka na kuingia ndani, hata lile la mbele linalojikunja. Tanga lililoachwa juu likifunguka kwenye upepo mkali linaivuta mashua nzima na zile za jirani.

Bima pia huangalia umri wa nyaya za mlingoti. Zikipita miaka kumi hivi wanaanza kuuliza maswali. Na chombo kikizeeka watataka ripoti ya mkaguzi kila baada ya miaka kadhaa, kikiwa kimepandishwa nje ya maji. Ripoti hiyo isomeni, msiitume tu. Ikisema valvu fulani ibadilishwe na hukubadilisha, umewapa sababu ya kukunyima.

#8 Mpiga_Kasia

Naomba kuuliza, leseni ya kwetu inakubalika huko nje?

#9 TangaMbili

Mkuu, inategemea nchi uliyopo. Kuna cheti cha kimataifa cha kuendesha vyombo vya starehe, ICC, kilichotokana na Azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Nchi nyingi za Ulaya zinakitambua, ila si zote zimelikubali azimio lenyewe. Kwa mito na mifereji ya ndani wanataka pia mtihani wa CEVNI, yaani kanuni na alama za njia za maji za ndani za Ulaya. Na redio ina cheti chake peke yake, usichanganye.

#10 Mkalafati

Mimi ni fundi. Mashua za wageni ndizo kazi yangu, nimezipandisha na kuzishusha kwenye chelezo nyingi. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwenye chombo kilichoachwa peke yake msemo huo ni ukweli wa kila siku. Kila kosa lililofanywa juu hatimaye linateremka ngamani kama maji. Kwa hiyo kabla hujaondoka anzia huko chini, usianze na kusugua sitaha.

Kausha ngama kabisa, kwa sponji, mpaka uone rangi ya mbao au ya faiba. Ukiiacha na maji kidogo, mlinzi wako hatajua kama ni ya zamani au yameingia leo. Funga valvu zote za chini ya maji isipokuwa zile za kutolea maji ya sitaha na ya sehemu ya usukani. Kila valvu ifunge na kuifungua mara tatu kwanza. Inayokataa kugeuka usiiache hivyo. Mabomba ya mpira yaangalie pale yanapobanwa: vibano viwili kila mwisho, na ukikuta kutu ya kahawia upande wa chini wa kibano, jua kinakatika muda wowote. Kibano cha chuma kisichoshika kutu hukatika upande usiouona.

Pampu ya ngama usiijaribu kwa swichi tu. Mwaga ndoo ya maji uone kielea kinapanda na kuiwasha yenyewe.

Umeme wa gatini una jambo ambalo wageni hawaambiwi. Ukichomeka, waya wa ardhi unaunganisha chombo chako na vyombo vyote vilivyochomeka gatini. Metali ya jirani na metali yako zinakuwa betri moja kubwa, na maji ya chumvi ndiyo tindikali yake. Vile vipande vya zinki chini ya maji vinaliwa kwanza, vikiisha inaliwa propela. Nimeshika propela ya shaba iliyobadilika kuwa ya waridi, ukiigonga inatoa mlio mfu kama wa chungu chenye ufa. Ilikuwa nzima msimu mmoja kabla. Weka kizuizi cha mkondo kwenye waya wa ardhi, na badilisha zinki zikifika nusu, usisubiri zimalizike. Zinki ni za maji ya chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi tumia magnesi, na alumini inafaa pale chumvi ni kidogo.

Na ukihamisha chombo kati ya mabara soma lebo ya chaja. Kuna kwenye volti 230 na hezi 50, kuna kwenye volti 120 na hezi 60. Chaja nyingi mpya zinapokea zote. Kipasha maji cha zamani hakipokei.

Tangi la dizeli jaza. Likiwa nusu, hewa iliyobaki juu inatoa jasho usiku, maji yanakaa chini ya mafuta na vijidudu vinazaliana hapo, ukija kuwasha unakuta uteute mweusi kwenye chujio. Friji iache wazi. Magodoro yasimamishe kwa ubavu, hewa ipite.

Kamba: mara mbili ya unavyodhani, na pale inapopita kwenye ukingo ivalishe kipande cha bomba la mpira. Kamba haikatiki kwa dhoruba moja. Inakatika kwa kusugua kidogo kidogo miezi mitano.

#11 MamaNahodha

Nimesoma yote, nimenyamaza, lakini naona kuna jambo hamjaligusa.

Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Mashua ilikuwa nchi nyingine, imeandikwa jina lake peke yake. Nilipopiga simu gatini walikuwa na huruma, ila walisema wanazungumza na mwenye jina tu au msimamizi wa mirathi. Kibali cha mirathi cha hapa nyumbani hawakukipokea hivi hivi. Kilitakiwa kithibitishwe kwa apostile, ule utaratibu wa Mkataba wa The Hague wa 1961, kisha kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa huko. Yote hayo yalichukua miezi. Wakati huo bima ikaisha, na kampuni haikukubali kuihuisha kwa jina la marehemu. Ada za gati ziliendelea. Kadi ya benki iliyokuwa inalipa ilikuwa yake, ikafungwa.

Sikuwa najua hata ufunguo uko wapi. Nilikuja kuukuta ndani ya kiatu chake cha mpira, kile cha kushoto.

Wanangu, andikeni majina mawili kwenye usajili kama sheria ya bendera yenu inaruhusu. Mwacheni mtu nyumbani na nakala za hati zote, namba ya simu ya gati, jina la mlinzi, na tarehe ambayo chombo lazima kitoke nje ya forodha. Mimi tarehe hiyo niliijua ikiwa imebaki wiki tatu, na aliyeniambia ni jirani yake wa gatini.

#12 TangaMbili

Mama, pole sana. Mungu amrehemu mzee. Nimesoma ujumbe wako nikainuka nikaenda kumwonyesha mke wangu bahasha ilipo. Hakuwa anajua, na kosa lilikuwa langu.

#13 BintiMlingoti

Pole mama. Ulifanikiwa kuiokoa?

#14 MamaNahodha

Ahsanteni wanangu. Ndiyo, huyo jirani alinisaidia mpaka mwisho. Tuliandika forodha kuomba, tukaambatanisha cheti cha kifo, wakatupa muda. Baadaye niliiuza kwa kijana anayeipenda. Bado ananitumia picha.

#15 KambaNene

Pole sana mama, na ahsante kwa kutufundisha.

Wakuu, nyongeza fupi ya mazingira kwa wanaohamahama. New Zealand tangu Mei 2018 wanataka chini ya chombo pawe safi kabla ya kuingia, na unatakiwa uwe na ushahidi wa lini kilisafishwa au kupakwa rangi ya kuzuia viumbe. Visiwa vya Balearic nchini Hispania vina amri ya mwaka 2018 inayokataza kutia nanga juu ya posidonia, majani yanayoota chini ya bahari. Uturuki kuna kadi ya bluu inayoandika kila unapotoa maji machafu ya choo. Na ukinunua chombo kizee kilichosimama miaka mingi, uliza rangi ya chini ni ya aina gani: zile zenye TBT, sumu ya kuua viumbe wanaonata chini ya chombo, zimepigwa marufuku kimataifa, mkataba wake ulianza kutumika Septemba 2008.

#16 KaratasiKwanza

Na sheria zinaweza kukubadilikia chombo kikiwa kimefungwa pale pale. Waangalieni Waingereza. Mpaka 31 Desemba 2020 walikuwa wanakaa na mashua zao Mediterania watakavyo. Siku iliyofuata wakawa wageni wa siku 90 kama wageni wengine. Mashua zao zilizokuwa zimelipiwa VAT na zikawa ndani ya maji ya Umoja saa ile zilibaki na hadhi ya bidhaa za Umoja. Zilizokuwa zimefungwa kwao Uingereza zikaipoteza. Mtu na jirani yake, mashua za aina moja, tofauti ni gati walilolala usiku ule. Waliokuwa na risiti za gati za wiki hiyo hawakusumbuka. Ndiyo maana nawapigia kelele za risiti.

#17 Mpiga_Kasia

TangaMbili, hujasema sasa hivi nani anaitazama yako na mmepatana vipi. Hilo ndilo nililokuwa nasubiri.

#18 TangaMbili

Kweli mkuu, nilipitiliza.

Ni mama mmoja, baharia mstaafu, anaishi kwenye chombo chake gati hilo hilo, hatua arobaini kutoka kwangu. Tumeandikiana ukurasa mmoja na tumesaini wote. Ukurasa unasema aingie ndani kila wiki na siku inayofuata kila mvua kubwa. Afungue mfuniko wa ngama. Aingize rula ya chuma niliyomwachia, asome maji yamefika sentimita ngapi, aandike namba kwa chaki kwenye kibao pamoja na tarehe, kisha apige picha kibao kikiwa ndani ya ngama. Aingize kidole kwenye yale matundu mawili. Asome volti za betri. Pia mkataba unamruhusu kumwita fundi na kutumia mpaka kiasi tulichokubaliana bila kuniuliza, kwa sababu maji hayasubiri mimi niamke. Chombo haendeshi, na hilo pia limeandikwa.

Msimu uliopita namba zilikuwa moja, moja, moja, moja na nusu. Kisha wiki moja ikaja nne, na hapakuwa na mvua. Nilikuwa kazini, mikono ikaanza kutetemeka. Kabla sijamjibu, ukaingia ujumbe wa pili: "Nimeyaonja. Hayana chumvi. Usikate tiketi."

Kama yangekuwa ya chumvi, bahari inaingia. Hayakuwa na chumvi na mvua haikunyesha, basi ni tangi letu la maji ya kunywa. Akalala kifudifudi na tochi, akakuta kiungo cha bomba chini ya sinki kinadondosha, tone moja kila akihesabu sita. Akafunga tangi, akakausha ngama kwa sponji, akaanza kuhesabu upya.

Leo asubuhi kibao kimekuja na namba moja. Pembeni ameandika kwamba ametoa manyoya ya ndege kwenye tundu la kushoto.